Hita Isiyo na Bomba

Hita ya gesi, ile isiyo na bomba la kutolea moshi nje, ilizimika tena. Colleen, akiwa jikoni, alimsikia mumewe akiitukana huko chini, kwenye sebule waliyoijenga chini ya nyumba.

“Usiiwashe!” alipaza sauti. “Ikijizima ujue hewa imekwisha!”

“Acha woga, mke wangu. Theluji imefika madirishani, unataka mama agande?”

Alisikia hita ikiwaka tena. Akashuka mbio.

Chumba kilikuwa na joto zito. Madirisha madogo ya juu yalitiririka jasho. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye kochi, mashavu mekundu kama ya msichana aliyetoka kucheza barafuni.

“Mwone alivyopendeza,” mumewe alisema, ulimi mzito, ameketi sakafuni kando ya hita.

Colleen aliinua mkono wa bibi yule. Ulianguka kama kitambaa.

Alifunga gesi, akavunja kioo cha dirisha kwa chupa ya bia. Theluji ikamwagika ndani.

“Hewa ina sumu! Simama, tumbebe!”

Mumewe alijaribu. Miguu ilikataa. Sasa hofu ikamwingia machoni.

“Anza na mama,” alinong'ona.

Colleen alimtazama mkwewe, akatazama ngazi; nguvu zake zingetosha kumpandisha mmoja tu. Kisha akamshika mumewe makwapani, akaanza kuvuta.