Figo za Fundi

Mkewe alimbana taya, akamwingiza vidole kinywani na kukitoa kidonge kabla hajakimeza.

"Diklofenaki!" alifoka. "Unataka kujiua?"

Fundi alijifuta mate kwa aibu. Tangu asubuhi alikuwa amejikunja karakanani akichomelea geti, na mgongo ulikuwa unamuwaka moto. Mwenzake ndiye aliyemwonea huruma akampa.

"Kimoja tu, mke wangu."

"Hata nusu! Mwenye figo mbovu hagusi hizo, wala ibuprofeni. Zinammaliza kimyakimya. Wewe ni paracetamol, tena kwa kipimo, na kitambaa cha maji moto mgongoni. Basi."

Hakubishana. Mkewe alikuwa muuguzi. Yeye mwenyewe ndiye aliyempima damu na kurudi na habari mbaya, macho mekundu. Tangu hapo alimlinda kama yai. Chumvi alimpunguzia, sigara akazivunjavunja, mifuko ya suruali akaipekua kila arudipo kazini.

Hata shemeji, kaka wa mke, aliyekuwa akiishi nao, uso umemvimba kwa kile alichokiita presha, hakubaki nyuma.

"Jitunze, shemeji," alizoea kumwambia kutoka kwenye kochi. "Usituangushe."

Fundi aliona haya kupendwa namna hiyo. Maumivu yalipozidi aling'ata mto.

Kisha mkewe akamwambia figo moja imeoza. Isipotolewa, itaiharibu na ya pili. Alikuwa na daktari wake, mtu wa kuaminika, mwenye zahanati binafsi.

"Hapendi maswali," alimwonya. "Niachie mimi niongee."

Chumba cha upasuaji kilikuwa baridi, vioo vya madirisha vimepakwa rangi nyeupe. Mkewe alimshika mkono hadi sindano ya usingizi ilipoingia.

"Umevumilia sana, baba," alimnong'oneza, machozi yakimlengalenga. "Mungu atakulipa."

Fundi alitaka kumshukuru, lakini ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito. Kope zikaanza kushuka. Kwa mbali alimwona daktari akiinua picha zake kwenye mwanga wa taa, akizitazama kwa makini, akitabasamu.

"Zote mbili safi kabisa," daktari alisema. "Umezitunza vizuri, dada. Haya, mleteni mgonjwa."

Mlango ukasukumwa. Kitanda cha pili kikaingia, na juu yake shemeji, uso kaugeuzia ukutani.