Wito wa Kupeleka Mwenyewe

“Ukishamshtaki mumeo, siku hiyo utalala wapi?” Jirani aliwahi kumuuliza Sikudhani hivyo, na swali lilikuwa bado linamsumbua asubuhi ile alipokaa mbele ya dawati la wanawake, kituo cha polisi, jicho moja limevimba likafumba.

Afande Leokadia alimaliza kuandika, akagonga muhuri, akamsogezea karatasi.

“Huu ni wito. Mpelekee mumeo, afike hapa Jumatatu.”

“Nimpelekee mimi?”

“Ndio utaratibu, dada. Anayelalamika ndiye anayepeleka.”

Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akisubiri zamu yake, aliguna. “Wangu mimi aliusoma vizuri, akaukunja, akanilisha. Na muhuri wake.”

“Mama, usimtie mwenzio hofu. Sheria ipo.”

“Ipo, mwanangu, nani kakataa? Ila matarishi wake ndio sisi tuliopigwa.”

Afande aliinamisha macho. Sikudhani aliinua karatasi, akairudisha, akaifuta jasho la vidole vyake kwa pembe ya khanga. Jina la mume wake lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, kama la mgeni wa heshima.

“Bismillahi,” alisema taratibu. Akafungua fundo la khanga, akatoa ufunguo wa kufuli, akauweka juu ya karatasi.

“Nyumba ya tatu nyuma ya msikiti. Amelala, nimemfungia kwa nje. Mpelekeeni nyie.”

“Umemfungia? Dada! Na wewe unakwenda wapi?”

Sikudhani alijitanda khanga yake, akatoka.