Maoni ya Mwanachama

Siku ya saba tangu kundi la wenye farasi lifunguliwe mtandaoni, msimamizi aliwauliza wanachama: "Tuambieni, tuboreshe nini?"

Badi alikuwa amepiga magoti zizini, kando ya farasi wake aliyekufa alfajiri kwa msokoto wa tumbo. Akaandika: "Juzi niliomba msaada, farasi wangu anagaagaa kwa maumivu. Mlisoma watu mia mbili, hakuna aliyenijibu. Leo amekufa."

Msimamizi akajibu papo hapo: "Pole sana, ndugu. Asante kwa maoni yako. Ila kundi hili ni la wenye farasi tu."

Kisha akamwondoa.

Badi aliitazama simu mpaka kioo kikazima. Akachukua brashi, akaanza kumchana farasi shingoni, taratibu, akifuata manyoya yalivyolala.