Kimo cha Meza ya Dorica

"Mama, hapa ni chini sana," fundi Ackson alisema, mkaa wake ukiwa bado ukutani. "Weye uko murefu. Utapinda mugongo kama mutu anatafuta sindano."

Dorica hakuinuka kwenye kigoda chake. Alimrushia uzi wenye fundo. "Pima na hii. Pale inafika, njo pale."

Ackson akapima. Fundo likafika palepale, na kwa kukisia tu palikuwa karibu shibiri nzima chini ya kiwiko cha mwenye nyumba. Ufundi huu aliujifunza Elisabethville, ng'ambo ya mpaka, kwenye nyumba za Wazungu wa migodi, na huko alionywa jambo moja kabla ya kuruhusiwa kushika mwiko wa mwashi: meza ya jikoni hupimwa kwa mwili wa anayepika. Mpishi asimame wima ukutani, akunje mkono, fundi atie alama chini kidogo ya kiwiko. Tangu arudi Nchelenge hakuwa amekutana na mwanamke aliyekataa kusimama ukutani.

"Simama basi, nikupime weye mwenyewe."

"Minachoka, Ackson. Weka pale."

Na kweli alikuwa amechoka, hilo hata kipofu angeliona. Miaka yote ya ndoa yake na Goodson alipika amepiga magoti kwenye moshi, mafiga chini, samaki wa Goodson, wageni wa Goodson, wavuvi wa Goodson waliokuja na njaa zao kutoka Puta. Goodson alikuwa na nyavu nyingi na nyumba ya matofali, lakini jikoni hakuwahi kuingiza hata pua. Mwanzo wa kiangazi cha mwaka huo wa 1954, mkewe alimwambia kwa upole kabisa kwamba mvua zikimkuta bado anapikia chini, basi moto wa nyumba ile Goodson atauwasha mwenyewe. Goodson akacheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka, akamwita fundi.

Mbao Dorica alizikataa, zinanyonya maji ya samaki na nyumba nzima ingenuka. Bati la zinki alilipapasa ukingoni akalirudisha, litamkata mtu vidole. Akachagua saruji yenye vyuma ndani, isuguliwe mpaka ing'ae. Ackson alifurahi, maana saruji ndiyo kazi aliyoipenda, lakini aliogopa pia. Ubao ukikosewa hukatwa upya. Saruji ikishakauka imekauka, na kila atakayeingia jikoni mwa Goodson atauliza ni fundi gani huyo aliyejenga meza ya watoto. Jina lake lilikuwa mle ndani ya zege, na mwanamke huyu hataki hata kusimama apimwe!

Basi akajitafutia maelezo, kama tufanyavyo sote mteja akitushinda. Mama huyu anataka kupika amekaa. Magoti yamemwisha, mgongo umemwisha, ataweka kigoda chake mbele ya meza na kumenya mihogo kwa raha zake. Akamuuliza kama ndivyo.

"Weye utaona," Dorica alisema, na macho yake yalikuwa ziwani, upande wa kisiwa cha Kilwa alikozaliwa.

Ackson akamwonea huruma, akaacha kubishana. Akafunga mbao za kushikilia zege, akapanga vyuma, akamwaga zege, akasugua kwa mwiko mpaka mabega yakamwaka moto. Dorica alikuja kutazama mara moja tu. Alipitisha kiganja pembeni akaomba kona ya kulia izungushwe, isije ikamchoma mtu nyonga.

"Weye unatumia mukono wa kushoto, mama," Ackson alisema. "Kona ya kulia itakuchoma namna gani?"

"Zungusha tu."

Akaizungusha. Kazi ya watu wenye pesa ndivyo ilivyo, aliwaza, unafanya na kunyamaza.

Siku mbao zilipotolewa, Goodson naye alikuja, mikono nyuma kama bwana wa boma. Aliigonga saruji kwa vidole, akasifu, kisha akaangua kicheko. "Bibi yangu anazeeka, fundi. Anataka kupika kwa kukaa." Akamgeukia mkewe. "Sasa hautalalamika tena?"

"Hapana," Dorica alisema. "Sitalalamika tena."

Mchana huohuo mtumbwi wa Kilwa ulimleta Jessy, mdogo wake Dorica, mjane mfupi mwenye mikono ya kazi, na sanduku lake. Goodson alimpokea kwa furaha ya kweli, kwamba hatimaye mkewe amepata wa kumsaidia. Dorica hakumpa mgeni hata maji ya kunywa. Alimpeleka moja kwa moja jikoni, akamwekea samaki mezani na kisu mkono wa kulia.

Jessy akasimama akaanza kupaa magamba. Mgongo wake ulikuwa wima, viwiko vikielea juu kidogo tu ya saruji, sawasawa na walivyofundishwa mafundi wa Elisabethville. Ackson alipoona hivyo moyo ulimruka kwa furaha ya kijinga ya mtu aliyepona aibu. Meza yake haikuwa na kosa.

"Mugongo unauma?" Dorica aliuliza.

"Hapana, yaya," Jessy alimjibu dada yake. "Iko muzuri."

Dorica alishusha pumzi ndefu. Akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akamgeukia mumewe aliyekuwa bado anatabasamu mlangoni.

"Bakubwa ba kwetu banakubali, Goodson, na Jessy naye anakubali. Tangu leo yeye njo bibi yako, mi minarudia kwetu na mutumbwi ule. Alikataa kitu kimoja tu, kupika chini."