Mshipi wa Bei Chee

Mama mmoja aliibwaga fimbo ya kuvulia juu ya kaunta, na mshipi uliokatika ukajisokota kati ya makopo ya chambo.

"Hii umeinunua kule kwa bei chee," alisema mwenye duka bila kuigusa. "Wanakouza fimbo rafu moja na mifagio."

"Jirani kabisa na mifagio. Ina kosa gani?"

Mtaani walimwita Bwana Ndoano. Duka la vifaa vya uvuvi aliachiwa na baba yake, na tangu lile duka kubwa la bei chee lifunguliwe barabara ya pili, waliobaki kuingia kwake walikuwa wa kupiga soga au wa kuleta vitu vilivyovunjika. Alikuwa amechoka kueleza.

"Ngoja nikuoneshe kosa, mama." Akaichukua kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota soksi isiyo yake. Akaikunja. Ikakunjika vizuri. Akaiachia, ikanyooka. Akazungusha kigurudumu cha mshipi, kikazunguka kimya. Uso ukamshuka.

"Enhe?" akauliza mama.

"Fimbo… itafaa. Kigurudumu nacho kitakwenda kwenda. Lakini mshipi huu ni takataka. Wameuanika dirishani mpaka umekuwa kama tambi." Akavuta kipande. Kikakatika bila kelele.

"Hilo halihitaji kuoneshwa. Jana ulinikatikia, chambo na vyote vikaniponyoka mbele ya macho yangu."

"Alikuwa mkubwa?"

"Wako wawili. Wananingoja."

"Samaki hamngoji mtu, mama."

"Wangu wananingoja."

Bwana Ndoano akacheka puani. Akamshushia fimbo nyeusi iliyong'aa, akaanza kuisifia kama baba anayeozesha binti. Mama akairudisha mahali pake.

"Nipe mshipi tu. Mwembamba, usioonekana kwa mbali, lakini usinikatikie tena."

"Na ndoano?"

"Sitaki ndoano."

"Bila ndoano utawashikaje?"

"Watashika wenyewe."

Sasa Bwana Ndoano alihisi anachezewa. "Kwani unavulia wapi?"

"Nyumbani kwangu, mkabala na kiwanda cha nguo."

"Mto ule? Mto ule umekufa zamani! Rangi za kiwanda zimeua mpaka vyura."

"Ya vyura siyajui. Wangu wako hai."

"Mama, usinifundishe kazi yangu. Fimbo ya rafu ya mifagio, bila ndoano, kwenye mto uliokufa! Hupati kitu."

Mama akaegemea kaunta, akamtazama usoni. "Wewe kazi yako ni kusema vitu vya watu wa kawaida havifai. Mimi fimbo niliyomudu ni hii, na kwa hii hii nitafanya ninachotaka kufanya. Kama una ubavu, funga duka uje uone."

Bwana Ndoano akafunga duka. Alibeba mwenyewe mshipi wake bora, ili baadaye mtu asije akasema alimpa hafifu.

Mbele ya kiwanda barabara ilikuwa na vizuizi vya chuma. Walinzi wenye kofia ngumu walisimama bega kwa bega langoni, wasiruhusu mtu wala kitu kuingia. Washonaji walikuwa wamejifungia ndani, wakigoma kutoka tangu mwenye kiwanda alipoleta malori ya kuhamisha mashine. Kwa Bwana Ndoano hiyo ilikuwa kero nyingine tu. Wateja wawili watatu aliobakiwa nao walipita njia hiyo.

"Mnakwenda wapi?" mlinzi mmoja akawazuia.

"Kwangu. Kuvua," mama akajibu, kidevu juu.

Mlinzi akaangalia fimbo, akaangalia upande wa mto, akaangua kicheko. "Piteni. Mkimpata, mnialike."

Nyumba ya mama ilikuwa ya mwisho, mgongo wake kwenye mto. Wakapanda ngazi mpaka juu ya paa, kati ya kamba za nguo na tangi la maji. Bwana Ndoano akaenda ukingoni kuchungulia. Chini, maji yalikuwa ya zambarau, yakitoa povu.

"Si nilikuambia?" akasema, na alijisikia vibaya kwa jinsi alivyofurahi.

Mama alikuwa ameshaivisha fimbo mshipi mpya, na mwishoni mwake akafunga kitu kidogo kilichoviringishwa kwa kitambaa.

"Chambo gani hicho?"

"Kile wanachokitaka."

Akarusha. Upepo ukamrudishia miguuni. Akarusha tena, kifurushi kikakwama kwenye kamba ya nguo. Akakinasua, akafuta macho kwa kiwiko, akamnyooshea fimbo.

"Rusha wewe."

"Mimi? Kwa hii?"

"Umesema ni kazi yako."

Alikuwa ameapa mbele ya wateja wake wote kwamba hatashika fimbo ya duka lile hata ndotoni. Akaishika. Akageukia mto.

Mama akamkamata mabega, akamgeuza taratibu mpaka mto ukabaki nyuma ya mgongo wake. "Siyo huko."

Ng'ambo ya barabara, juu ya kofia za walinzi, dirisha la kiwanda lilikuwa wazi na wasichana wawili wamejibana humo, mmoja amenyoosha mikono nje, mwingine amemwegemea, mdomo wazi, akitafuta pumzi. Bwana Ndoano akapeleka fimbo nyuma ya bega, akarusha kwa nguvu zake zote, na dawa ya pumu ikapaa juu ya lango ikiwa imefungwa kwenye mshipi usiokatika.