Kidole cha Pete

Mwanahawa alikuwa akimnawisha mumewe kabla ya chakula, kama kila siku, alipoona kidonda kidogo kwenye kidole chake cha pete, mkono wa kushoto.

"Umefanya nini hapo?"

"Sindano tu. Nilikuwa natia vifungo."

Msellem alikuwa ameshona nguo miaka ishirini. Sindano ya fundi humchoma kidole kinachoshika kitambaa, na kidole cha pete hakishiki kitu.

Mwanahawa aliijua alama ile. Asubuhi hiyo, akizishuku safari za mumewe za kufuata vitambaa, alikwenda zahanati kwa siri kupima virusi vya UKIMWI. Nesi alimtoboa kidole hicho hicho. Jibu hakulingoja; alitoka akakimbilia nyumbani.

Kumbe na yeye amepima. Ananishuku nini?

Msellem alijifuta mikono, akampokea birika. Tangu waoane alikuwa hajawahi kumnawisha mkewe.

"Leo zamu yangu, mama Salha. Lete mikono."

Mwanahawa alitoa wa kulia.

"Na wa kushoto."

Aliutoa umekunjwa. Msellem aliendelea kumimina, maji yakatiririka juu ya ile ngumi, na birika likazidi kuwa jepesi.