Mchele na Mawe

Aikande alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Mwanawe Elisaria, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha uchungaji, aliichukua Biblia ya mama yake, nayo ikafunguka yenyewe pale kwa yule mwanamke mzinzi ambaye Yesu alimwokoa asipigwe mawe.

"Mama, habari hii haimo kwenye nakala za kale kabisa. Wasomi wanaona iliongezwa baadaye."

Ndiyo habari aliyosomewa Aikande mbele ya kanisa zima, siku aliporudishwa kundini baada ya kutengwa, Elisaria akiwa mgongoni, mtoto wa nje ya ndoa.

"Kwa hiyo walimuua," alisema.

"Nani, mama?"

Aikande aliokota kijiwe kwenye mchele, akakifumbata. Hakukitupa.